Kupunguza Matumizi ya Nyumbani Bila Kupunguza Mlo: Mwongozo kwa Mkazi wa Tanga Mjini

Kaya nyingi za Tanga mjini, kuanzia Makorora na Mabawa hadi Chumbageni na Duga, huendeshwa kwa hela ya matumizi inayoachwa asubuhi na kwisha jioni. Mkaa hununuliwa kwa kopo, mafuta ya kula kwa kipimo, sukari kwa robo, unga kwa nusu kilo na umeme kwa shilingi elfu moja. Kwa kuwa kila ununuzi ni mdogo, mwenye nyumba hudhani hana tena pa kupunguza. Lakini anayenunua kwa kopo na kwa robo ndiye anayelipa bei ya juu kuliko wanunuzi wote, maana kila mkono uliopitiwa na bidhaa hiyo kabla ya kumfikia umeongeza chake. Maelezo yafuatayo yanahusu namna ya kubadili kipimo cha kununulia, siku ya kununua na mahali pa kununua, huku sahani ikibaki vilevile, na yanapendekeza kazi hiyo ifanywe kwa kitu kimoja kwanza, kisha kingine, kwa sababu mwenye kipato kidogo hawezi kununua vyote kwa jumla ndani ya mwezi mmoja.

Daftari la mwezi mmoja

Kabla ya kubadili lolote, chukua daftari la shule na uandike kila kinachonunuliwa kwa muda wa mwezi mzima. Usiandike kwa tarehe peke yake. Kipe kila kitu ukurasa wake, yaani mkaa, unga, mafuta, sabuni, umeme, maji, samaki, vitafunwa, nauli na vocha, ili mwisho wa mwezi uone kwa haraka ni mara ngapi umenunua kitu kilekile na kwa kipimo gani. Jumla ya fedha ina faida yake, ila idadi ya mara ulizonunua ndiyo inayoonyesha pa kuanzia: kitu ulichokinunua mara ishirini au zaidi kwa mwezi, tena kisichooza, ndicho cha kwanza kuhamishiwa kwenye kipimo kikubwa. Katika nyumba nyingi kitu hicho ni mkaa.

Daftari hili liwe la wote wawili, mume na mke, kwa kuwa kila mmoja ana matumizi ambayo mwenzake hayaoni. Kahawa na kashata za barazani baada ya swala ya Isha ni matumizi, na barafu za watoto mchana ni matumizi. Hakuna haja ya kuyakatia kauli siku ya kwanza. Yaandikwe tu, na mara nyingi mwandishi mwenyewe ndiye atakayeyapunguza bila kuambiwa.

Mkaa, na kibubu kinachotokana nao

Litazame kopo la muuza mkaa kwa makini. Mara nyingi ni kopo la rangi ambalo kitako chake kimegongwa kikaingia ndani, na mkaa umepangwa ukafanya kilima juu ya mdomo wake, mabonge makubwa yakiwa yamesimamishwa ili yaache nafasi katikati. Kilima kile kinavutia macho, lakini kilichomo ndani ni hewa nyingi. Muuzaji naye ana familia, na gunia alilonunua lina chenga ambazo hawezi kuziuza, hivyo simlaumu. Ninachosema ni kwamba kopo si kipimo unachoweza kukifanyia hesabu.

Njia ya kupata hesabu ya kweli ni hii. Nunua makopo mawili, uyaweke kwenye mfuko na uombe kupimiwa kwenye mizani ya duka la jirani. Gawanya fedha uliyotoa kwa kilo zilizopatikana, upate bei ya kilo moja. Kisha uulize bei ya gunia kwa muuzaji wa jumla na uzito wake, ukitoa sehemu fulani kwa ajili ya chenga, nawe ugawanye vivyo hivyo. Tofauti kati ya bei hizo mbili, ukiizidisha kwa kilo unazotumia kwa mwezi, ndiyo fedha unayomwachia muuza makopo kila mwezi.

Swali linalofuata ni fedha ya kununulia gunia zima itoke wapi, ikiwa hela ya matumizi inatosha siku moja tu. Jibu jepesi kwa wengi ni mchezo, yaani kuchangiana fedha na kupokea kwa zamu. Wanawake wa mtaa mmoja ambao tayari wanacheza mchezo wa kila wiki wanaweza kukubaliana kwamba zamu moja kati ya zamu za mwaka itumike kununua bidhaa ya jikoni badala ya vyombo au vitenge. Wasio na mchezo wanaweza kuungana watu watatu au wanne wa nyumba moja ya kupanga, wakanunua gunia moja na kuligawa kwa mizani mbele ya wote. Mizani ni lazima. Urafiki mwingi wa uani umevunjika kwa sababu ya kugawana kwa macho.

Gunia likishaingia ndani, kazi iliyo muhimu kuliko zote ndiyo inaanza, nayo ni kuilinda ile tofauti. Siku ambayo zamani ungenunua kopo, chukua kiasi hicho cha fedha na ukitie kwenye kibubu kana kwamba umekwenda kwa muuza mkaa. Gunia likikaribia kwisha, kibubu kitakuwa na fedha ya gunia jingine pamoja na ziada, na ziada hiyo ndiyo itakayonunua dumu la mafuta ya kula. Baadaye ziada ya mafuta nayo itanunua gunia la mahindi au katoni ya sabuni. Mtu asipofanya hivyo, fedha iliyookolewa kwenye mkaa huishia kwenye chipsi na soda, na mwezi unaofuata anarudi kwenye kopo akidai kuwa kununua kwa jumla hakuna faida.

Gunia linunuliwe kabla ya masika, yaani mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kwa sababu mvua zikianza barabara za vijijini huharibika, mkaa huadimika na ule unaofika mjini huwa umelowa. Uwekwe mahali pakavu, juu ya mbao au matofali.

Kuhusu kupika kwenyewe, mambo ni machache na yanajulikana, ila hayafuatwi. Maharage, choroko na mbaazi kavu zilowekwe tangu usiku. Sufuria ifunikwe. Chakula kikiiva, makaa yaliyobaki yatiwe kwenye chungu au debe na kufunikwa yazimike kwa kukosa hewa, kwani yakimwagiwa maji hayatawaka vizuri kesho. Vifuu vya nazi, ambavyo katika mji huu hutupwa kila siku, huwaka kwa moto mkali na vinafaa sana kwa kuanzishia jiko. Njia nyingine inayostahili kujaribiwa ni kikapu cha joto: chukua tenga, ulitandike ndani kwa blanketi kuukuu au nguo nzito pande zote, kisha maharage yaliyolowekwa yakishachemka kwa nguvu kwa nusu saa, itoe sufuria ikiwa imefunikwa vizuri, uitie ndani ya tenga na uifunike juu kwa mto au blanketi. Baada ya saa tatu hivi maharage yatakuwa yamelainika kwa joto lake yenyewe, na yatahitaji moto mdogo tu wa kuungia.

Anayetumia gesi naye azingatie jambo moja. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Taka upimiwe dukani kabla ya kulipa: mtungi wa kilo 6 uwe na uzito wa mtungi mtupu ukiongeza kilo 6, na wa kilo 15 vivyo hivyo.

Umeme: jua uko kundi gani

Watu wawili wanaweza kununua umeme wa shilingi elfu moja siku moja, mmoja akapata uniti 8.2 na mwenzake akapata 2.8, na wengi huamini kuwa huyo wa pili ameibiwa. Hajaibiwa. Kwa viwango vilivyoanza kutumika 2016, mteja wa kundi la D1, yaani kaya yenye matumizi madogo, hutozwa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo hutozwa shilingi 350 kila moja. Mteja wa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida, hutozwa shilingi 292 tangu uniti ya kwanza. Juu ya hapo huongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, makato ya REA (wakala wa nishati vijijini) ya asilimia 3 na ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ya asilimia 1, hivyo uniti moja humfikia mtumiaji wa D1 kwa shilingi 122 na wa T1 kwa takriban shilingi 356.

Kutokana na hesabu hiyo, hasara kubwa ya umeme kwa mpangaji mara nyingi haitokani na taa iliyosahauliwa kuzimwa. Inatokana na mita ya pamoja. Chukua nyumba yenye wapangaji watatu, kila mmoja akitumia uniti 40 kwa mwezi. Kila mmoja angekuwa na mita yake katika kundi la D1, angelipa shilingi 4,880. Wakitumia mita moja, jumla yao ni uniti 120, zaidi ya zile 75 za D1, nyumba inaangukia T1, na kila mmoja analipa takriban shilingi 14,240 kwa umeme uleule. Kabla ya kukubali chumba, kwa hiyo, uliza habari za mita kama unavyouliza habari za choo. Chumba chenye kodi ya juu kidogo lakini chenye LUKU yake kinaweza kuwa rahisi kuliko kile cha mita ya kugawana, ambacho juu ya gharama kina ugomvi wa nani ana friji na nani hana. Na mtu anayetumia mita peke yake, ambaye matumizi yake hayafiki uniti 75 lakini anaona anapata uniti 2.8 kwa elfu moja, aende ofisi ya TANESCO na kuomba kundi lake liangaliwe upya.

Uniti 75 kwa mwezi ni sawa na uniti mbili na nusu kwa siku, na zinatosha kaya ya kawaida ikiwa matumizi yamepangwa. Taa nne za zamani za wati 60 zikiwaka saa tano hutumia uniti 1.2, ilhali taa nne za LED za wati 9 kwa muda huohuo hazifikishi hata uniti 0.2. Pasi ya wati 1,000 hula uniti moja kwa saa, hivyo sare za shule na nguo za kazi zinyooshwe zote kwa pamoja mara moja kwa wiki, pasi ikiwa imeshapata moto. Jagi la umeme halina ubaya likichemsha maji mara moja na maji hayo yakatiwa kwenye chupa ya chai. Ubaya ni kulichemsha mara sita. Feni ya kawaida ikiendeshwa usiku kucha hutumia takriban nusu uniti, na kwa joto la Tanga kati ya Desemba na Machi simshauri mtu alale na jasho ili kuokoa kiasi hicho. Friji kuukuu ndilo la kuchunguzwa. Funga mlango wake ukiwa umebana karatasi kwenye mpira; karatasi ikichomoka bila kushikwa, mpira umelegea na mashine inafanya kazi mchana na usiku kupoza jikoni.

Jiko la umeme la presha hupika maharage kwa takriban nusu uniti, jambo linalolifanya liwe rahisi kuliko mkaa kwa aliye katika D1. Hata hivyo, lisinunuliwe kwa mkopo. Lingojewe mpaka kibubu kilifikie.

Mpangaji akumbuke pia kwamba kodi ya jengo imekuwa ikikatwa kupitia LUKU tangu 2021, na tangu 2023 kiwango chake kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Ikikatwa kwenye mita unayoilipia wewe, zitunze risiti na mpatane tangu mwanzo kwamba kiasi hicho kitapunguzwa katika kodi ya pango. Mwenye nyumba mwelewa hatakataa akionyeshwa karatasi kwa adabu.

Bahari na soko

Mkazi wa Tanga ana bahati ambayo mkazi wa bara hana, nayo ni kwamba kitoweo chake kina kalenda inayoonekana mbinguni. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta samaki vizuri wakati wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa huambulia kidogo na bei hupanda. Kwa hiyo dagaa wa wiki mbili zijazo wanunuliwe wakati wa giza, waanikwe juani au wakaangwe wakauke, na wasingojewe mpaka mbalamwezi. Pweza naye hupatikana kwa wingi siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa sababu maji hukupwa sana na miamba huwa wazi. Katika miezi ya kusi, yaani ya upepo wa kusini, bahari huchafuka na vyombo vidogo havitoki kila siku, hivyo ni wakati wa kutegemea zaidi kunde, mbaazi na ng'onda, yaani samaki mkavu, aliyewekwa akiba, badala ya kushindana na mahoteli kwa changu mmoja.

Mahali nako kuna hesabu yake. Samaki anayepitishwa mtaani kwenye beseni amekwisha kununuliwa mnadani, akasafirishwa na kuongezewa bei. Kwenye soko la Deep Sea au diko la Sahare samaki huuzwa kwa fungu na kwa ndoo, na hapo ndipo watu wa uani mmoja wanapoweza kufanya jambo la maana. Mmoja wao, mwenye baiskeli na asiyeona haya kubishana, atumwe kwa niaba ya wenzake wanne na fedha mkononi. Asikimbilie fungu la kwanza. Akae pembeni, asikilize dalali anaanzia wapi na anaishia wapi katika mafungu mawili matatu, kisha aangalie macho ya samaki kama yametokeza na kung'aa, afunue mashavu kama ni mekundu, na abonyeze nyama kwa kidole aone kama inarudi. Akiulizwa, "Dada, unachukua au unatazama?" ajibu kwa upole tu kwamba anatazama. Vibua na samaki wengine wadogo wana lishe sawa na wale wakubwa, na bei yao ni ya chini kwa sababu hawapendezi kwenye sahani ya mgeni. Asiye na friji awakaange au awabanike siku ileile na kuwapasha moto kila asubuhi na jioni. Wasivuke siku ya pili.

Mboga na viungo vya Lushoto, yaani karoti, kabichi, nyanya na viazi, vinunuliwe Mgandini asubuhi mapema kwa kipimo kikubwa cha kugawana. Mboga za majani hazihitaji safari hiyo. Matembele hupandwa hata kwenye gunia la mchanga na samadi nyuma ya nyumba, yakakatwa na kuchipua tena, na sioni sababu ya nyumba yenye uani kununua matembele.

Mahindi huwa na bei ya chini baada ya mavuno ya masika, kuanzia Julai, mzigo wa Handeni na Kilindi unapoingia sokoni. Mwenye uwezo wa gunia moja anunue wakati huo, lakini azingatie hewa ya pwani, ambayo ina unyevu na hukaribisha wadudu na ukungu. Mahindi yakaushwe vizuri juani juu ya turubai na kutiwa kwenye mfuko wa kuhifadhia nafaka wa tabaka tatu usiopitisha hewa. Yaliyoota ukungu yasiliwe wala yasipewe kuku, kwa kuwa yana sumukuvu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Unga wa dona usagwe wa wiki mbili tu kila mara, maana kiini cha mahindi kina mafuta yanayochacha. Dona hushibisha kuliko sembe na halina gharama ya kukoboa. Watoto waliozoea sembe watanung'unika kwa siku chache.

Nazi moja iliyokunwa vizuri hutoa tui zito na tui la pili, na mboga iliyoungwa kwa tui la pili na kumaliziwa kwa tui zito haihitaji mafuta ya kukaangia. Kwa hiyo mchicha wa nazi, kisamvu na mbaazi za nazi, ambavyo ndivyo vyakula vyetu vya asili, ni njia ya kupunguza mafuta ya dukani, ilimradi mpishi asikaange kitunguu kwa mafuta mengi kwanza na kutia nazi baadaye, akalipa mara mbili. Machicha wapewe kuku.

Vitafunwa vya asubuhi vinahitaji kuangaliwa kwa jicho kali, kwa sababu hununuliwa kila siku na kwa idadi ya watu. Kilo moja ya unga wa ngano hutoa maandazi yasiyopungua ishirini ya ukubwa wa kawaida. Piga hesabu ya unga, sukari, hamira na mafuta, uilinganishe na bei ya maandazi ishirini ya genge. Asiye na muda wa kukanda usiku achemshe mihogo au viazi vitamu siku tatu za wiki, na aache maandazi ya kununua kwa Jumamosi na Jumapili, ili aliyeyapika mtaani naye apate riziki.

Maji

Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Anayenunua kwa jirani kwa shilingi 50 kwa ndoo analipa shilingi 2,500 kwa uniti. Alinganishe kiasi hicho na bei iliyoandikwa kwenye ankara ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya mji, aone kama haingefaa wapangaji wachangie bomba la uani. Mwenye bomba achunguze uvujaji kwa kusoma mita usiku kabla ya kulala na tena alfajiri kabla mtu hajagusa maji. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja, na mara nyingi ni mpira wa bomba au tangi la choo, vitu ambavyo fundi huvitengeneza kwa fedha ndogo.

Wakati wa masika bati lenyewe ni chanzo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la mita za mraba 40 katika mvua ya milimita 20 hupokea lita 800. Hata nusu yake ikipotea, mapipa mawili yanajaa. Mvua ya kwanza iachwe ioshe vumbi la bati, na mapipa yafunikwe vizuri mbu wasizaliane. Maji hayo ni ya kufulia, kuoshea na kumwagilia.

Michango na sare

Kaya nyingi zinazobana sukari na mkaa huvujishwa na kadi za michango. Harusi, maulidi, unyago, arobaini na hitima ni sehemu ya kuishi na watu, na asiyechangia wenzake hatachangiwa. Sitamshauri mtu ajitoe. Linalowezekana ni kutenga fungu la michango la mwaka, kuligawa kwa miezi kumi na miwili, na kutoa ahadi ndogo inayolipwa mapema badala ya ahadi kubwa inayodaiwa na mwenyekiti wa kamati kwa simu. Wafiwa hutangulizwa, maana msiba haupangwi. Kuhusu sare, penye watu wangu naomba nisikike: kushona dera jipya kwa kila shughuli ya mtaa, likavaliwa siku moja, ni gharama ambayo wengi wanaichukia kimoyomoyo na hakuna anayethubutu kuisema kwenye kikao. Aseme mmoja, kwa heshima, kwamba mwaka huu sare moja itumike kwa shughuli mbili au tatu, na ataona jinsi wengine watakavyoitikia upesi.

Nauli, simu na mikopo

Mji wetu ni tambarare, na baiskeli imekuwa chombo cha Tanga kwa miaka mingi bila kumwonea mtu aibu. Safari za sokoni, kazini na shuleni zilizo ndani ya mji zifanywe kwa baiskeli, na bodaboda iwe ya dharura na ya usiku. Bando la wiki huwa na bei nafuu kwa kila uniti kuliko la siku, kama ilivyo kwa mkaa. Fedha ya simu itolewe kwa wakala mara moja kwa kiasi cha wiki, kwa kuwa kutoa elfu tano mara nne kuna makato zaidi ya kutoa elfu ishirini mara moja.

Mikopo ya kausha damu ndiyo inayoweza kufuta kazi yote iliyoelezwa hapo juu. Anayepewa shilingi 100,000 na kutakiwa arudishe 130,000 ndani ya mwezi mmoja amelipa shilingi 1,000 kila siku kwa kuwa na mkopo tu, na hakuna gunia la mkaa litakaloziba pengo hilo. Mwenye shida ya haraka aanze na kikoba chake, ambako riba hurudi kwa wanachama wenyewe mwisho wa mzunguko, na awaeleze wenzake ukweli kabla ya siku ya marejesho kupita. Deni la dukani nalo liandikwe kwenye lile daftari la nyumbani, si kwenye la mwenye duka peke yake.

Kuelekea Ramadhani

Mwezi wa Ramadhani huvuruga bajeti nyingi kwa sababu bei za vyakula vya futari hupanda kwa siku chache, na watu wote hununua kwa wakati mmoja. Gawa vyakula vya futari katika makundi mawili. Tambi, sukari, tende, unga wa ngano, kunde na choroko havipotezi thamani kwa kukaa. Vinunuliwe kidogo kidogo tangu Rajabu na viwe vimekamilika kabla ya nusu ya Shaabani, kwa fedha ya kibubu. Mihogo, magimbi, ndizi na nazi haviwekeki kwa muda mrefu, na hapo msaada ni kuagiza mapema kwa mkulima wa Pongwe au Muheza kwa kikundi cha nyumba kadhaa, akaleta gunia zima kila wiki kwa bei mliyokubaliana kabla ya mwezi kuandama. Mwekeni ahadi kwa malipo ya kutanguliza nusu, na nusu nyingine apewe mzigo ukishashushwa na kupimwa.